Bata Aliyeanguka: Namna ya Kusoma Hadithi za Picha

   Walimu wa madarasa, wekeni chaki tayari, kwa maana leo tutachora.

Somo letu ni juu ya hadithi za picha za kuchekesha, zile ambazo ndani yake bata huvaa kofia, panya huendesha gari, na mbwa huteleza akaingia katika pipa la maji. Watu wengi huziita katuni.

Naanza na jambo nililoliona kwa macho yangu. Siku moja nilikwenda kutazama darasa la watu wazima. Mzee mmoja alikuwa akisoma kitabu cha namna hiyo. Aliponiona, alikisukuma upesi chini ya daftari lake. Nikamwuliza, "Mzee, mbona unakificha?" Akajibu, "Mwalimu, hiki ni cha watoto. Nilikuwa napumzika tu." Nikamwomba anisomee ukurasa mmoja. Akasoma, akacheka, akanieleza kwa nini bata alikasirika. Basi yule mzee hakuwa akipumzika. Alikuwa akisoma, tena kusoma kwa kweli. Sikilizeni niwaonyeshe kwa nini.

VISANDUKU VINNE

Mwalimu wa darasa, tafadhali chora ubaoni visanduku vinne. Katika cha kwanza, bata yuko juu ya ngazi, anapaka ukuta rangi. Ndoo ya rangi imetundikwa juu ya kichwa chake. Katika cha pili, mbwa amelala chini, na kamba yake imefungwa kwenye mguu wa ngazi. Katika cha tatu, paka anapita, na mbwa amefumbua jicho moja. Katika cha nne, bata ameketi chini, na ndoo imemfunika kichwa mpaka mabegani.

Mmecheka? Vema. Sasa nauliza: kuanguka kwenyewe kumechorwa wapi? Tazameni tena. Hakukuchorwa. Mbwa hakuchorwa akikimbia, wala ngazi haikuchorwa ikianguka. Mambo hayo yametokea katika nafasi tupu, kati ya kisanduku cha tatu na cha nne, na aliyeyaona ni wewe msomaji. Uliikumbuka kamba, ukamtazama paka, ukajua litakalofuata. Kuunganisha sababu na matokeo ndiyo kazi ile ile tunayoifanya tunaposoma barua au taarifa ya ushirika.

Zipo alama nyingine za kujua. Visanduku vya Kiswahili husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kisha mstari wa chini. Maneno ya msemaji huandikwa ndani ya duara lenye mkia, na mkia humwelekea anayesema. Duara likiwa kama wingu, mtu anawaza tu moyoni. Mistari mifupi nyuma ya mguu maana yake ni mbio. Herufi kubwa nene, kama PUU! au CHUBWI!, ni sauti ya kitu kilichoanguka.

MTU ALIYEMCHORA BATA

Kati ya wanyama wote wa katuni, mmoja ajulikanaye sana ni Donald Duck, bata wa Marekani mwenye hasira za upesi. Alionekana kwanza katika filamu mwaka 1934. Lakini hadithi zake nzuri kabisa za vitabuni zilitungwa na kuchorwa na Bwana Carl Barks, aliyezaliwa katika jimbo la Oregon mwaka 1901.

Bwana Barks hakwenda mbali na shule, na masikio yake yalikuwa mazito. Alilima, alikata miti, aliendesha nyumbu, alifanya kazi katika kiwanda cha kuchapa. Kuchora alijifunza mwenyewe, pamoja na masomo machache aliyoletewa kwa posta. Tangu mwaka 1943 alitunga karibu kila mwezi hadithi ya kurasa 10 juu ya Donald na wapwa zake watatu. Mara nyingi Donald hupata kazi mpya, huianza vizuri, hujisifu, kisha majivuno yake humwangusha. Sisi tuliolelewa kwa ngano za Sungura na Fisi twamjua mtu wa namna hiyo. Naye Barks, aliyepita katika kazi nyingi, alimjua pia.

Msidhani vichekesho havina akili. Katika hadithi moja ya mwaka 1949, Donald na wapwa zake waliinua merikebu iliyozama kwa kuijaza mipira midogo ya mpira wa meza. Ni mzaha, lakini ndani yake kuna elimu ya kweli: kitu chepesi kilichojaa hewa husukumwa juu na maji. Mwaka 1964 meli iitwayo Al-Kuwait ilizama katika bandari ya Kuwait pamoja na maelfu ya kondoo. Mvumbuzi wa Denmark, Karl Krøyer, aliiinua kwa kuijaza punje za plastiki zenye hewa.

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Gazeti lililochapa hadithi hizo, kulikuwa na wakati lilipouza nakala zipatazo milioni 3 kwa mwezi. Hata hivyo jina la Barks halikuandikwa humo. Lililoandikwa ni la Walt Disney peke yake. Lakini wasomaji walitazama kwa makini. Waliona kwamba hadithi fulani zilipita nyingine kwa mpango na kwa uchoraji, wakasema, "Huyu ni yule mchoraji mzuri wa bata." Walimtafuta, na mwaka 1960 baadhi yao wakalipata jina lake, wakamwandikia barua. Alistaafu mwaka 1966, akafariki mwaka 2000, mwenye umri wa miaka 99, akiheshimiwa katika nchi nyingi.

Wengi wa wasomaji hao walianza kumsoma wakiwa watoto. Walimtambua mfanyakazi kwa kazi yake, bila kuonyeshwa jina. Msomaji wa namna hiyo hana sababu ya kuficha kitabu chake chini ya daftari.

KAZI YA JUMA HILI

1. Chora visanduku vinne vya kisa cha kuchekesha ulichokiona sokoni au shambani. Usichore ajali yenyewe.
2. Mpe jirani yako darasani akisimulie. Akieleza usichokichora, umefaulu.
3. Andika sentensi mbili: kosa la nani lilileta ajali?

Yule mzee wangu, ikiwa unanisikiliza, kitoe kitabu chako, ukawasomee wenzako. Kwaherini, tutaonana juma lijalo.