Namna ya Kutambua Umri wa Kuta za Kale Zilizo Chini ya Njia za Mji

Uchimbaji wa mitaro ya maji na ya nyaya za umeme katika miji ya kale huweza kuibua kuta za mawe zilizofunikwa na udongo kwa karne nyingi. Wananchi na watumishi wa Serikali wanaelezwa hapa jinsi umri wa kuta hizo unavyotambuliwa, na sababu ya kusimamisha jembe mara ukuta unapoonekana.

Jiwe peke yake si shahidi wa kutegemewa. Matumbawe yaliyojengewa Mji Mkongwe wa Zanzibar ni ya kale kuliko nyumba zenyewe, na mafundi wa zamani waliweza kutumia tena mawe ya majengo yaliyoanguka. Hata maandishi hayatoshi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, lakini sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya karne ya 18.

Kwa hiyo wataalamu husoma udongo. Tabaka la chini hutangulia la juu. Sarafu au kigae cha kaure ya China kikipatikana chini ya msingi usiovurugwa, ni dhahiri kwamba ukuta haukujengwa kabla ya kitu hicho kutengenezwa. Vipande vya makaa ya tanuu vilivyobaki ndani ya chokaa hupimwa kaboni. Lakini mti uliokuwa mzee ulipokatwa huufanya ukuta uonekane mkongwe kuliko ulivyo. Ndiyo maana ushahidi mmoja hulinganishwa na mwingine.

Mfano ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Ndani yake mna mabaki ya kanisa la Wareno. Uchimbaji wa kitaalamu uliofanywa uani mwaka 2017 ulionesha dalili za makazi yaliyoanza takriban karne ya 11. Habari hizo hazikuandikwa juu ya jiwe lolote. Zilisomwa katika matabaka.

Hivyo basi, mkandarasi au mwananchi atakayekuta ukuta wa kale asimamishe kazi, asing'oe jiwe wala asiokote kigae, na atoe taarifa kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe au kwa idara inayohusika na mambo ya kale. Ukuta uliofukuliwa ovyo huweza kubaki umesimama, bali tarehe yake huwa imekwisha kuchukuliwa na karai la udongo.