Mwalimu wa Tuisheni Anasahihisha Insha, au Anamfundisha Mwandishi?

Kenya, ukishamaliza KCSE, gredi zako ndizo zinazokusemea. KUCCPS inaangalia alama na kozi ulizochagua, basi. Tanzania nako unaomba chuo kwa matokeo ya kidato cha sita. Hakuna anayekuuliza wewe ni mtu wa namna gani. Ndiyo maana kijana wa huku anayeamua kujaribu vyuo vya Marekani hushtuka anapofungua fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, na kukuta anatakiwa kuandika insha kuhusu yeye mwenyewe isiyozidi maneno 650. Hapo ndipo mwalimu wa tuisheni huitwa. Mara nyingi zimebaki wiki chache tu, na kitu cha kwanza mwalimu anachokichomoa mfukoni ni kalamu nyekundu.

Sasa, kalamu ile inamsaidia nani? Insha inaweza kutoka imenyooka kabisa huku aliyeiandika amebaki palepale. Na akipata nafasi, atakaa miaka minne akiandika kazi moja baada ya nyingine bila mwalimu huyo pembeni.

Tuanze na kinachotokea kichwani. Mwaka 1981, Linda Flower na John Hayes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walichapisha makala ambayo watafiti wa uandishi bado wanairejea hadi leo. Njia yao ilikuwa rahisi: waliwaambia watu waandike huku wakitamka kila wanachokiwaza, wakawarekodi. Kumbe kuandika si kupanga kwanza, kisha kuandika, kisha kusahihisha, kama tulivyofundishwa shuleni. Mwandishi anarukaruka. Anaandika sentensi, inamkumbusha jambo, anabadilisha mpango, anarudi juu kufuta, anaendelea.

Shida ni kwamba kazi zote hizo zinategemea sehemu moja finyu ya akili, ile inayoshikilia mambo machache kwa muda mfupi wakati tunayashughulikia. Wanasaikolojia huiita kumbukumbu tendaji. Ni kama kupika wali, mchuzi na chai kwa jiko moja la mkaa: ukitaka kubandika kimoja, lazima uepue kingine. Mtu anayeandika kwa lugha yake ya pili au ya tatu, tahajia na sarufi peke yake zinaweza kulichukua jiko zima. Mawazo yanakaa pembeni, yanapoa.

Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, watafiti wa Kanada, walieleza mwaka 1987 jinsi mwandishi mchanga anavyolikwepa tatizo hili. Anapewa mada, anajiuliza najua nini kuihusu, anaandika cha kwanza kinachomjia, kile kinamkumbusha cha pili, anaandika, mpaka vinaisha. Anasimulia anachokijua. Mwandishi aliyekomaa anafanya kitu kingine: anapambana na alichokiandika hadi anachokijua chenyewe kinabadilika. Anaanza akidhani insha inahusu jambo hili, anamaliza akigundua ilihusu lile. Ronald Kellogg alikadiria mwaka 2008 kwamba kufikia ukomavu kamili kunachukua kama miaka 20 ya mazoezi. Kwa hesabu hiyo kijana wa miaka 17 bado yuko njiani, na hilo si uvivu.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Tumelelewa na insha za kupamba: mwanzo uliokaririwa wa jua kuchomoza na ndege kuimba, methali mbili, tashbihi tatu, alama zinaingia. Siwabezi walimu waliotufundisha hivyo. Misemo ya kukariri hupunguza mzigo kichwani, na mtihani wa dakika 40 unahitaji kitu kama hicho. Lakini msomaji wa ofisi ya udahili anataka kujua mtu mmoja mahususi anafikirije, na jua la kukariri linachomoza kwa kila mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana ameandika: “Nilijifunza umuhimu wa bidii kupitia genge la mama yangu.” Sarufi haina tatizo. Mwalimu wa kalamu nyekundu ataongeza kivumishi kimoja, atabadilisha kitenzi, atasonga mbele. Mwingine ataweka kalamu chini na kuuliza:

“Ni siku gani genge liliwatia hasara?”

“Siku nyingi tu, Mwalimu. Hasa nyanya. Zilikuwa zinaoza.”

“Ukafanyaje?”

“Nilianza kuandika kwenye daftari kila siku zinabaki ngapi.”

“Daftari likakuambia nini?”

“Kwamba Jumatatu ndiyo siku mbaya. Mama alikuwa ananunua kwa kuangalia mauzo ya Jumapili, watu wakitoka kanisani. Jumatatu hao watu hawapo.”

Insha yenyewe ilikuwa imejificha hapo, na neno “bidii” halihitajiki tena. Tazama pia mwalimu hakutoa wazo hata moja. Alichofanya ni kuepua sufuria nyingine zote jikoni: usiwaze tahajia, usiwaze mpangilio, nijibu hili tu.

Kuna ushahidi kwamba ukimya wa namna hii una thamani. Michelene Chi na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wa kufundisha mwanafunzi mmoja mmoja, somo likiwa mzunguko wa damu mwilini. Katika sehemu moja walimu walikatazwa kueleza na kusahihisha, waliruhusiwa kuchokoza tu, maswali kama “unamaanisha nini?” na “hebu endelea”. Wanafunzi walijifunza vizuri sawa na wale walioelezwa kila kitu. Lilikuwa somo la baiolojia, si uandishi, kwa hiyo tusilivute kupita kiasi. Lakini kwa walimu tunaopenda kusikia sauti zetu, linafikirisha.

Kwenye uandishi wenyewe, rejea kubwa ni ya Steve Graham na Dolores Perin. Mwaka 2007 walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12, wakayapima kwa kipimo kimoja cha ukubwa wa athari. Njia iliyokuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi, kwa 0.82, ni kumfundisha mwanafunzi wazi hatua za kupanga, kuandika na kurekebisha: mwalimu anaonyesha kwa kuwaza kwa sauti, wanafanya pamoja, kisha mwalimu anajiondoa polepole. Kwa lugha ya kawaida, mwanafunzi wa 50 kati ya 100 angepanda hadi kama nafasi ya 21. Kuunganisha sentensi fupi kuwa moja ndefu yenye mantiki kulipata 0.50. Kufundisha sarufi kama somo la peke yake? Chini ya sifuri, -0.32.

Hiyo namba ya mwisho hupenda kutumiwa vibaya. Haisemi sarufi inadhuru. Mara nyingi sarufi ilikuwa ndiyo somo la kundi la kulinganishia, na kundi lile lilibaki nyuma. Inachosema ni kwamba saa ya tuisheni ina dakika 60, na dakika za mazoezi ya sarufi yaliyotengwa na uandishi zinaliwa kutoka mahali fulani.

Sasa kuna utafiti mmoja ambao waombaji wengi wangetaka kuugeuza kuwa mbinu ya kuchomekea maneno. Mwaka 2014, James Pennebaker na wenzake wa Texas walichambua insha zaidi ya 50,000 za wanafunzi kama 25,000 walioingia chuo kimoja kikubwa, wakazilinganisha na alama zao za miaka minne. Waliotumia kwa wingi vijineno kama “the” na “a”, pamoja na vihusishi, walielekea kupata alama nzuri zaidi. Waliojaza viwakilishi na vitenzi visaidizi walielekea kupata za chini. Maelezo ya watafiti ni kwamba vijineno vile huandamana na uandishi unaopanga vitu na dhana katika makundi, wakati viwakilishi huandamana na kusimulia visa. Kinachochekesha ni kwamba fomu za udahili huwaomba vijana wasimulie visa.

Kwa Mswahili hapa pana mtego. Lugha yetu haina “the” wala “a”. Kitabu ni kitabu, na muktadha ndio unaotuambia ni kipi. Kumwambia mwanafunzi aongeze “the” ili aonekane mchambuzi ni sawa na kumvalisha viatu vya mwanariadha ukitegemea atakimbia. Uhusiano ule ulikuwa kati ya namna ya kufikiri na alama. Ukirudi kwenye daftari la nyanya, maneno ya uchambuzi yatakuja yenyewe, kwa sababu kuna kitu cha kuchambua.

Halafu kuna suala la pesa. Mwaka 2021 AJ Alvero na wenzake walichapisha uchambuzi wa insha 240,000 za waombaji 60,000 wa Chuo Kikuu cha California, ambako kila mwombaji hujibu maswali manne kati ya manane, kila jibu lisizidi maneno 350. Waligundua kwamba yaliyomo kwenye insha yalihusiana na kipato cha familia kwa nguvu zaidi kuliko alama za mtihani wa SAT. Utafiti haukupima tuisheni, na mada mtu anazochagua zinatokana na maisha aliyoishi. Hata hivyo unamtia doa yeyote anayedhani insha ni mlango uliowekwa kwa ajili ya maskini. Kalamu nyekundu ya kukodi inaupanua mwanya huo. Isitoshe, mwombaji wa Common App huthibitisha kwamba insha ni kazi yake mwenyewe. Mwalimu anayeandika upya aya nzima anamweka kijana wa watu pabaya.

Asiye na hela ya tuisheni hajaishiwa. Katika hesabu ya Graham na Perin, wanafunzi kusaidiana wenyewe kwa wenyewe katika kupanga, kuandika na kurekebisha kulipata 0.75, si mbali na ile njia ya juu. Watatu wanatosha. Mmoja anasoma rasimu yake kwa sauti, wenzake hawagusi karatasi. Kila mmoja anauliza maswali mawili kuhusu kilichotokea, na msomaji anaandika majibu yake pembeni kabla hayajapotea. Makosa ya lugha yawekewe siku yake, ya mwisho, wakati mawazo yameshaiva na jiko liko wazi.