Nguo za Andes: Kweli au Porojo?

Ukitaja Wainka wa Peru, mtu atakujibu: dhahabu. Wenyewe wangekujibu: nguo.

"Waliofumia fito tupu hawakuweza kufuma cha maana."
Si kweli. Kitanda cha mfumi wa Andes kilikuwa fito chache na kamba. Upande mmoja wa mtande ulifungwa mtini au nguzoni, wa pili kwenye mkanda uliozunguka kiuno chake. Akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akiinama mbele zinalegea. Nguo kubwa zilifumwa kwenye fremu. Kitambaa kilitoka na pindo zote nne zimekamilika, bila kuguswa na kitu chenye makali. Katika baadhi ya nguo za Wari, waliowatangulia Wainka, na za Wainka wenyewe utahesabu zaidi ya nyuzi 80 za mshindio ndani ya sentimita 1. Chukua rula na kalamu, jaribu kuichora tu mistari hiyo 80.

"Kufuma ilikuwa kazi ya wanawake."
Nusu kweli. Majumbani wanawake walifuma sana, lakini nguo bora ya dola, *qompi*, ilifumwa na wanawake teule, *aqllakuna*, pamoja na wanaume mafundi walioitwa *qompikamayoq*. Nguo hiyo mfalme aliitoa zawadi kwa wakuu, na nyingine ilichomwa moto kama sadaka. Wahispania walipoingia Cajamarca mwaka 1532, katibu wa kiongozi wao Pizarro, Francisco de Xerez, aliandika kuhusu nyumba zilizojaa nguo hadi darini. Wenzake wakaendelea kuulizia dhahabu.

"Sufu ililetwa na Wahispania."
Kondoo, ndiyo. Sufu, la: alpaka, lama na vikunya walikuwapo zamani.

"Rangi za asili hazidumu."
Mwulize mwanaakiolojia Julio C. Tello. Kuanzia mwaka 1927, katika rasi ya Paracas, Peru, yeye na wenzake walifukua mafurushi 429 ya maiti, baadhi yamefungwa kwa mashuka yaliyotariziwa kwa sufu. Baada ya miaka ipatayo 2,000, wekundu na kijani bado viling'aa. Jangwa kavu lilisaidia, tusilinyime sifa. Nayo nili ina umri mkubwa zaidi: vipande vya pamba vya Huaca Prieta, kaskazini mwa Peru, vilitiwa nili miaka kama 6,000 iliyopita, kabla ya nili ya Misri tunayoijua.

"Wekundu mashuhuri wa Amerika ulitokana na mbegu."
Ndivyo walivyoamini wengi Ulaya, wakinunua chembe kavu kutoka Mexico bila kujua ni nini. Ni mdudu. Majike wake hunyonya mpungate, hukusanywa, hukaushwa na kusagwa. Ilibidi hadubini iamue ubishi.

"Pamba ya Usukuma ni mmea wa Afrika tangu asili."
Si kweli; nayo asili yake ni Amerika. Aina inayolimwa Shinyanga na Mwanza, Tanzania, *Gossypium hirsutum*, ilianza kulimwa huko Mexico maelfu ya miaka iliyopita. Na ile ya nyuzi ndefu ambayo wauza mashuka huisifu kwa jina la pamba ya Misri, *Gossypium barbadense*, ni ya Amerika Kusini, ukoo mmoja na pamba waliyosokota watu wa pwani ya Peru.