Majiko, Miti na Hati za Kaboni: Je, Kuuza Huduma za Kulinda Hali ya Hewa ni Halali?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Tumeletewa suali na mama mmoja wa Unguja. Kijana wake ni fundi wa umeme, anaishi Nyakato, Mwanza, na ameajiriwa na kampuni ya nje ya nchi. Kazi yake ni kufunga paneli za sola, kugawa majiko banifu kwa bei nafuu, na kila baada ya miezi kadhaa kupita nyumba kwa nyumba kujaza fomu kuonesha kama majiko yale yanatumika. Hesabu ya fomu hizo ndiyo inayouzwa Ulaya. Mwezi uliopita kijana alimwambia mama yake kwenye simu kuwa msimamizi amemtaka aandike "linatumika" hata kwa jiko alilolikuta limetiwa uvunguni. Mama anauliza: kazi hii asili yake ni nini? Na fedha anazotuletea, ambazo ndizo tunazowasomeshea wadogo zake, ni halali?

Suali hili ni la mama mmoja, lakini linawahusu wengi. Vijana wetu wengi wanaingia katika kazi hizi, na kampuni za namna hii zinafika pia visiwani. Kwa hivyo tutaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha hukumu yake. Kanuni waliyotufunza masheikh wetu ni kuwa kulihukumu jambo hutegemea kulielewa.

Ni biashara ya nini?

Tumezoea kuwa biashara baina ya nchi ni ya vitu: karafuu, mchele, nguo. Lakini nchi huuziana pia huduma, yaani kazi na ujuzi. Mwaka 1995 ulianza kutumika Mkataba Mkuu wa Biashara ya Huduma chini ya Shirika la Biashara Duniani, nao unazitaja njia nne. Ya kwanza, huduma inavuka mpaka yenyewe, kama mhandisi aliyeko Ujerumani anayechora ramani ya mtambo wa sola na kuituma kwa kompyuta. Ya pili, mteja anaifuata huduma iliko, kama kijana wetu anayekwenda nje kusomea ufundi. Ya tatu, kampuni ya nje inafungua ofisi nchini, na hii ndiyo hali ya mwajiri wa kijana wetu. Ya nne, fundi mwenyewe anasafiri, anafanya kazi kwa muda, kisha anarudi kwao.

Sisi watu wa Unguja hatuhitaji mfano wa mbali. Tunaukumbuka umeme uliokatika kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kamili, watu wakichota maji kwa ndoo na wenye uwezo wakinunua majenereta. Waya wa pili wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulipokamilika mwaka 2013, haukulazwa na mafundi wetu peke yao. Ujuzi ulinunuliwa nje.

Nyakato nako kuna funzo lake. Hapo upo mtambo wa umeme wa takriban megawati 60 unaochoma mafuta mazito, uliojengwa wakati nchi ina njaa ya umeme. Mafuta hayo hutoka nje, yakashushwa pwani, yakasafirishwa hadi ziwani, na moshi wake ukaongezeka hewani. Leo gridi ya taifa inapata umeme wa maji wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Mkataba wa ujenzi wake ulitiwa saini Disemba 2018 na kampuni mbili za Misri, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Mchango wa Wamisri hao ulikuwa mkubwa katika uhandisi, ujenzi na usimamizi. Hizo ndizo huduma zinazosaidia kupunguza moshi unaoipasha dunia joto.

Na joto hilo si hadithi ya watu wengine. Pemba yapo mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi. Ziwa Victoria mwaka 2020 lilijaa kupita ilivyozoeleka kwa miongo mingi, maji yakaingia katika nyumba za watu wa mwambao. Allah ametutanabahisha katika Suratur Rum, aya ya 41, kuwa ufisadi wa bara na bahari ni matokeo ya yale iliyochuma mikono ya watu.

Asili ya kazi hii ni ijara

Kumlipa mtu kwa manfaa ya kazi yake ni ijara, nayo imethibiti kwa Qur-an, Sunna na Ijmai. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti yule wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (A.S.), akaeleza kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Wanazuoni wamechukua hapo sifa mbili za mfanyakazi: uwezo wa kazi na uaminifu. Tuzishike sifa hizi, kwani tutazirejea.

Wapo wanaouliza kama inafaa kununua huduma kwa asiyekuwa Muislamu au kumfanyia kazi. Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.) katika Hijra walimwajiri Abdullah bin Urayqit awaoneshe njia, naye wakati huo alikuwa bado katika dini ya Makuraishi. Walimpa ngamia wao na wakamwamini na siri ya safari. Kwa hivyo kinachotazamwa ni kazi yenyewe: ikiwa ya halali, utaifa na dini ya mwajiri haviiharamishi. Kufunga sola, kutengeneza majiko, kufundisha watu kuyatumia, yote haya ni mubaha, na mwenye nia njema hupata thawabu.

Na hati za kaboni?

Hapa ndipo penye ugumu. Hati moja ya kaboni inawakilisha tani moja ya hewa ya ukaa iliyozuiwa kuingia angani au iliyoondolewa. Kampuni ya nje yenye viwanda vinavyotoa moshi hununua hati ili ihesabiwe kuwa imefidia. Mlango huu ulifunguliwa na Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997, na Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 ukaupanga upya katika Ibara ya 6. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kipo Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Je, hewa inauzwa? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kinachouzwa lazima kiwe tohara, kiwe na manfaa, kiwe milki ya muuzaji au awe na idhini, kiweze kukabidhiwa, na kijulikane. Hewa yenyewe haina mwenyewe, wala haiuziki. Lakini kinachouzwa hapa ni haki iliyotokana na kazi: watu wameacha kukata miti, au wamebadilisha jiko, na kazi hiyo imepimwa na kuandikwa. Mafakihi wa Kishafii wamezihesabu manfaa kuwa ni mali, na wamejuzisha kuuza haki ya kupita katika ardhi ya mtu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikubali kuwa haki zisizoshikika, kama jina la biashara na haki ya mtunzi, ni mali yenye thamani na zinauzika ikiwa hamna gharar wala udanganyifu. Kwa kukisia juu ya hayo, sisi tunaona kuwa hati ya kaboni iliyo ya kweli inafaa kuuzwa. Wapo wanazuoni wa zama hizi wanaosita, na tunawaheshimu.

Tumesema "iliyo ya kweli", na neno hilo ndilo linalobeba hukumu yote. Anayenunua mchele huuona na kuupima. Anayenunua hati ya kaboni akiwa Ulaya haoni chochote isipokuwa karatasi, na karatasi ile imetegemea fomu aliyoijaza kijana mmoja mlangoni mwa nyumba ya Nyakato. Tuseme yamegawiwa majiko 1,000, na kila moja likitumika huzuia tani mbili kwa mwaka. Yakiandikwa yote kuwa yanatumika, zitauzwa hati 2,000. Ikiwa yanayotumika kweli ni 600, hati za haki ni 1,200, na 800 zilizobaki ni uongo uliopigwa muhuri.

Khofu hii si ya kubuni. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya majiko, wakakuta kuwa katika sampuli yao hati zilizotolewa zilizidi upunguzaji halisi takriban mara tisa. Oktoba mwaka huo huo waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka ya udanganyifu juu ya takwimu za miradi ya majiko iliyofanywa Afrika na Asia, na mmoja katika waliokuwa viongozi wa kampuni husika alikiri kosa.

Allah amewaahidi adhabu kali wanaopunja vipimo, na sura nzima ikaitwa kwa jina lao, Al-Mutaffifin. Mizani hii haina mawe, lakini ni mizani. Anayeandika "linatumika" kwa jiko la uvunguni ni mpunjaji, na juu ya hilo anatoa ushahidi wa uongo, ambao Mtume (S.A.W.) ameuhesabu katika madhambi makubwa kabisa.

Jawabu letu kwa mama

Kwanza, mshahara wa kijana kwa kufunga sola, kugawa na kutengeneza majiko, na kwa fomu alizojaza kwa ukweli, ni halali. Kuleni na someshaneni.

Pili, si halali kwake kuandika uongo hata mara moja. Amri ya msimamizi si udhuru, kwani hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Aandike alichokiona, na aombe agizo lile apewe kwa maandishi. Mara nyingi msimamizi wa namna hii huogopa kalamu. Akishikilia, kijana apeleke khabari kwa uongozi wa juu, kwa mkaguzi wa mradi, au kwa kituo cha Morogoro tulichokitaja.

Tatu, ikiwa ameshaandika uongo, toba yake haikamiliki kwa istighfari peke yake, kwa sababu ipo haki ya mtu ndani yake. Aisahihishe hesabu ile kwa kadiri ya uwezo wake ili mnunuzi asiuziwe kisichokuwepo. Malipo aliyoyapata kwa fomu hizo khasa ayakadirie kwa dhana yenye nguvu, ayarejeshe kwa mwenyewe, na akishindwa kumjua ayatoe kwa mafakiri bila kutarajia thawabu ya sadaka.

Nne, nyinyi mlioko nyumbani hamna dhambi kwa mlichokula bila kujua. Lakini sasa mnajua, na wajibu wenu ni kumpa moyo. Asiwaone wazazi wake wanaulizia pesa kabla ya kuulizia hali yake. Vijana wengi huandika uongo kwa kuogopa simu ya nyumbani ya mwisho wa mwezi. Mwambieni: mwanetu, kidogo cha halali kinatutosha.

Nasaha kwa watu wa visiwani

Limebaki jambo moja ambalo mama hakuliuliza. Wanaopewa jiko kwa bei nafuu huwekeana saini kuwa haki ya kaboni ni ya kampuni. Je, wamefahamishwa? Suratun Nisaa, aya ya 29, imeshurutisha biashara iwe kwa kuridhiana, na hakuna ridhaa kwa asiyejua anauza nini. Mwenye kampuni asomee watu karatasi kwa Kiswahili, na mwenye nyumba asitie dole gumba kwa haya.

Mwenye kutaka kuona mfano mwema na atazame Gazi, Kwale, kwa ndugu zetu wa pwani ya Kenya. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unahifadhi mikoko ya hapo, na fedha za kaboni zimepelekwa katika maji na skuli kwa maamuzi ya wanakijiji wenyewe. Sisi tuna mikoko Chwaka, tunayo Pemba, na mradi wa HIMA ulishatufungulia mlango wa mazungumzo haya zaidi ya miaka kumi iliyopita. Wakija wanunuzi, tuwaulize: nani atapima, nani atakagua, mgao wa kijiji ni kiasi gani, na mkataba ni wa miaka mingapi? Yakijibiwa kwa maandishi, biashara na iendelee kwa baraka za Allah. Yasipojibiwa, mikoko yetu ilikuwepo kabla yao.

Tunamuomba Allah amthibitishe kijana wetu wa Nyakato katika ukweli, ambadilishie kilicho bora akipoteza kazi kwa ajili Yake, na aturuzuku sote riziki ya halali.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.