Moto wa Miwa Ukivuka Mpaka: Kweli au Si Kweli?

Kidatu, Tanzania, miwa mingi huchomwa kabla ya kukatwa. Upepo ukigeuka, moto unaingia shamba la jirani ambaye zamu yake ya kuvuna bado. Miwa iliyoungua hupoteza sukari kadiri inavyochelewa kufika kiwandani, Msolwa au Ruembe, na hasara ni ya mkulima. Msimu ujao, mwenye hasara amsaidie jirani aliyewasha moto huo kufyeka njia ya kuzuia moto, au amwache? Swali hilo lina watafiti wake; tupime madai manne kwa matokeo yao.

Mwenye kumbukumbu ndefu ndiye anayefaidi. Si kweli. Mwaka 1980 Robert Axelrod wa Marekani alichapisha matokeo ya mashindano ya programu za kompyuta zilizochagua, raundi baada ya raundi, kusaidiana au kusalitiana. Wakisaidiana, kila mmoja alipata pointi 3. Msaliti akimponza mwema, alipata 5 na mwema sufuri. Wakisalitiana, moja moja. Aliyeshinda ni Anatol Rapoport, kwa programu fupi kuliko zote: anza kwa wema, kisha mtendee mwenzako alivyokutendea raundi iliyopita. Ilikumbuka hatua moja tu. Mashindano ya pili yalivuta washiriki 62, na ikashinda tena.

Basi jino kwa jino inatosha. Si kweli, na hapa ndipo moto wa miwa unapotufundisha. Wawili wanaolipizana hawana njia ya kutofautisha uadui na upepo. Ajali moja, na kisasi kinapokezana msimu hadi msimu. Mwaka 1992 watafiti Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha kwamba pale makosa yanapotokea, anayesamehe mara mojamoja humzidi anayelipiza kila kosa. Mwaka uliofuata wakaeleza mbinu nyingine: endelea na lililokufaa, badili lililokutia hasara. Wawili wa namna hiyo kosa likitokea hugombana raundi moja, kisha hurudi kusaidiana.

Bora kusahau kabisa. Si kweli hata kidogo. Asiyekumbuka chochote ni shamba la bure kwa msaliti.

Wema hutegemea pia kukutana tena. Kweli, na mkulima wa miwa anakutana tena: shina likikatwa huchipua kwa misimu kadhaa, mpaka ni uleule na jirani ni yuleyule.

Kwa hiyo, kabla hujamnyima jirani panga lako msimu huu, muulize kwanza upepo ulivuma vipi siku ile.