Mbwa Mdogo Asiyepukutisha Manyoya na Mtoto Mwenye Pumu

Familia inayoishi ghorofani jijini Dar es Salaam, yenye mtoto mwenye pumu, inapotaka kufuga mbwa huambiwa ichague Poodle, Maltese au Shih Tzu, kwa kuwa manyoya yao hayapukutiki ovyo. Ushauri huo una ukweli nusu.

Kinacholeta mzio si manyoya yenyewe, bali protini zilizomo katika mate, mkojo na chembe za ngozi ya mbwa. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo kwamba mbwa wanaosifiwa kutoleta mzio walikuwa na protini hizo kwa wingi zaidi katika manyoya yao kuliko wengine. Hewani majumbani hapakuwa na tofauti. Kwa hiyo, daktari wa mtoto aulizwe kwanza, na mtoto akae na mbwa yuleyule mara kadhaa kabla hajachukuliwa. Akishafugwa, mbwa asiingie chumba cha kulala.

Manyoya yasiyopukutika huendelea kukua. Yachanwe kila siku na kupunguzwa kila baada ya wiki chache. Yakisokotana, ngozi hupata vidonda.

Udogo wa mbwa haumkingi na kichaa cha mbwa. Achanjwe afikapo umri wa miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Aking'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi afike hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.