Mpira Unaodunda: Hatua za Kwanza za Uhuishaji wa Tovuti

Uhuishaji ni ufundi wa kuonyesha picha tuli kwa mfululizo wa haraka hadi macho yazione kama kitu kimoja kinachotembea. Kila picha tuli huitwa fremu. Filamu ya sinema hupitisha fremu 24 kwa sekunde, na skrini nyingi za simu na kompyuta hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Katuni ya sekunde 10 tu, kwa kipimo cha sinema, ina fremu 240. Programu za uhuishaji zilibuniwa ili mchoraji achore chache kati ya hizo, na zilizobaki zijazwe na kompyuta.

Anayeanza kujifunza programu hizo hukutana kwanza na vitufe. Vipo kwa makumi, na vingi havina maana kwake. Wengi huanza kuvikariri kimoja kimoja, wakachoka kabla hata kitu kimoja hakijatikisika kwenye skrini. Vitufe hivyo hubadilika kila toleo jipya linapotoka, lakini jinsi kitu kinavyoanguka, kinavyosimama na kinavyogeuka haibadiliki. Historia ya fani hii kwenye intaneti inathibitisha hilo.

Programu iliyotawala, kisha ikazimwa

Picha za kwanza kutembea kwenye tovuti zilikuwa za GIF, aina ya faili iliyotolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987. GIF haivuki rangi 256 kwa kila fremu, na haina sauti. Ilitosha kwa bendera inayopepea au taa inayowaka na kuzima, basi.

Mwaka 1996 ikaingia sokoni programu iliyoitwa FutureSplash Animator, kazi ya Jonathan Gay na wenzake. Mwaka huohuo kampuni ya Macromedia ikainunua na kuipa jina fupi: Flash. Nguvu yake ilikuwa picha za vekta. Picha ya kamera huhifadhiwa kama vigae vidogo vya rangi viitwavyo pikseli, na ikikuzwa sana huchakaa. Picha ya vekta huhifadhiwa kama maelekezo: duara la ukubwa huu, mahali hapa, kwa rangi hii. Maelekezo hayo hayachukui nafasi kubwa, na katika miaka ambayo intaneti ilipita kwenye waya wa simu ya mezani, faili ndogo ndiyo iliyofika.

Kwa zaidi ya miaka kumi Flash ikawa ndiyo uhuishaji wa intaneti: michezo, katuni, matangazo, hata video za mwanzo za YouTube zilichezwa kwayo. Mwaka 2005 kampuni ya Adobe ikainunua Macromedia. Lakini Flash ilikuwa na kasoro. Kivinjari hakikuweza kuicheza bila kuwekewa programu-jalizi, nayo ilikuwa na mianya ya usalama iliyozibwa leo ikafumuka kesho, tena ilimaliza betri. Simu ya iPhone, iliyotoka mwaka 2007, haikuipokea kabisa, na Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple alieleza sababu zake hadharani kwa barua ndefu. Julai 2017 Adobe wakatangaza kuifunga. Tarehe 31 Desemba 2020 matunzo yake yakakoma, na kuanzia Januari 12, 2021, ikakataa kucheza kazi yoyote.

Maelfu ya kazi yalibaki bila pa kuchezwa. Ujuzi wa walioyatengeneza, hata hivyo, haukufa. Programu yenyewe ya kuchorea ilikwisha kubadilishwa jina mwaka 2016 kuwa Adobe Animate, ikawa inatoa faili ambazo kivinjari huzicheza bila kujaliziwa chochote. Aliyejua kupanga fremu kwenye Flash aliweza kuzipanga kwingine.

Vinavyopatikana katika kila programu

Programu za uhuishaji zinatofautiana sura, lakini karibu zote zimejengwa kwa vitu vinne.

Cha kwanza ni jukwaa, yaani eneo jeupe katikati ya skrini ambamo mchoro hukaa. Kilichomo ndani ya jukwaa ndicho atakachokiona mtazamaji. Kilicho nje yake kinasubiri zamu.

Cha pili ni ukanda wa muda, ambao mara nyingi huwa chini ya jukwaa. Umegawanywa vijichumba kama rula, na kila kijichumba ni fremu moja. Kipo kijiti kinachosogea juu ya ukanda huo kuonyesha wakati uliofikiwa.

Cha tatu ni matabaka. Haya hufanya kazi kama vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: mandhari kwenye kioo cha nyuma, mtu kwenye cha kati, mvua kwenye cha mbele. Mvua ikikosewa hufutwa bila kumgusa mtu.

Cha nne, na ndicho kiini cha yote, ni fremu kuu. Hii ni fremu ambayo mchoraji mwenyewe ameamua kitu kiwe wapi na kiwe na sura gani. Akiweka fremu kuu moja mwanzoni na nyingine mwishoni, programu hukokotoa za katikati. Katika studio za zamani kazi hiyo ya katikati ilifanywa na wachoraji wasaidizi, karatasi kwa karatasi.

Mpira

Zoezi la kwanza katika fani hii, tangu enzi za karatasi, ni mpira unaodunda. Linaonekana jepesi mno, lakini limebeba nusu ya somo.

Mwanafunzi anachora duara sehemu ya juu ya jukwaa na kuweka fremu kuu kwenye fremu ya 1. Anasogea hadi fremu ya 13, anaushusha mpira sentimita 16 hadi chini, na kuweka fremu kuu ya pili. Anasogea hadi ya 25, anaurudisha juu na kuweka ya tatu. Kwa fremu 24 kwa sekunde, mpira unashuka kwa nusu sekunde na kupanda kwa nusu sekunde. Akibonyeza kitufe cha kuchezesha, mpira unatembea, lakini hauonekani kuwa mpira. Unashuka na kupanda kwa mwendo uleule, kama ndoo inayovutwa na mashine.

Kosa ni kwamba programu imegawa safari sawasawa: sentimita 4 kwa kila fremu tatu. Kitu kinachoanguka hakifanyi hivyo. Kinaanza taratibu na kuongeza kasi, na umbali wake kwa kila kipande cha muda hukua kwa mpango wa 1, 3, 5, 7. Basi katika fremu tatu za kwanza mpira ushuke sentimita 1, katika tatu zinazofuata 3, halafu 5, halafu 7. Jumla ni sentimita 16 zilezile, na muda ni uleule. Kilichobadilika ni mgawanyo tu, na ghafla mpira una uzito. Wakati wa kupanda mpango hugeuzwa: 7, 5, 3, 1, hadi mpira unapositasita kileleni kabla ya kushuka tena.

Si lazima mwanafunzi apime kwa rula. Programu nyingi zina grafu ya kasi: mstari ambao ukinyooka, mwendo huwa wa mashine, na ukipindwa, mwendo huanza au kuisha polepole. Aliyewahi kupima kwa mkono ndiye anayejua aupinde upande gani.

Hatua inayofuata ni kuubonyeza mpira unapogusa ardhi. Kwa fremu moja au mbili hupanuka ubavuni na kupungua urefu. Sharti ni kwamba ujazo usibadilike: ukipanuka bila kufupika, mtazamaji huona mpira uliovimba. Kubonyea huko ni ya kwanza kati ya kanuni 12 za uhuishaji ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wakongwe wa Disney, waliziandika katika kitabu chao cha mwaka 1981. Kanuni nyingine ni maandalizi, yaani mrukaji hukunja magoti kabla ya kuruka, na ile ya upinde, kwamba viungo vya mwili husafiri kwa njia iliyopinda, mara chache kwa mstari ulionyooka.

Mkono

Zoezi la pili ni mtu anayepunga mkono. Hapa si lazima kuchora upya kila fremu. Mtu hukatwa vipande: kiwiliwili, kichwa, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja. Kila kipande huwekwa kwenye tabaka lake na kuunganishwa na jirani yake.

Njia hii ni kongwe kuliko kompyuta. Lotte Reiniger wa Ujerumani aliitumia katika filamu yake ya vivuli ya mwaka 1926, iliyotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela: alikata watu wa karatasi nyeusi, akaunganisha viungo vyao kwa nyaya, akawasogeza kidogo kidogo chini ya kamera. Teknolojia ya Lottie, iliyotolewa na kampuni ya Airbnb mwaka 2017 na inayotumiwa leo na programu nyingi za simu kuchezesha michoro midogo, imepewa jina lake.

Kosa la kawaida kwenye zoezi hili linahusu egemeo, yaani nukta ambayo kipande huizunguka. Programu nyingi huweka egemeo la kila kipande katikati yake. Mwanafunzi akiuzungusha mkono bila kulihamisha, mkono hubanduka begani na kuzunguka kama pangaboi. Egemeo la mkono wa juu lihamishiwe begani, la mkono wa chini kwenye kiwiko, la kiganja kwenye kifundo. Kisha kiganja kicheleweshwe fremu mbili nyuma ya mkono. Ucheleweshaji huo mdogo ndio unaompa mtu huyo uhai.

Programu ipi?

Anayeanza hahitaji kulipa. Pencil2D ni ya bure, nyepesi, na inafaa kwa anayependa kuchora fremu kwa mkono. Synfig ni ya bure pia, hutumia vekta na hujaza fremu za katikati yenyewe. OpenToonz, iliyofanywa ya bure mwaka 2016, imetokana na programu iliyotumiwa na Studio Ghibli ya Japani. Ina uwezo mkubwa, na ugumu wake kwa mgeni ni mkubwa vilevile. Mwenye simu ya Android asiye na kompyuta anaweza kuanza na FlipaClip. Adobe Animate hulipiwa kwa mwezi au mwaka.

Ubure wa programu haupunguzi heshima ya kazi. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo yeyote anaweza kuipakua, na mwaka 2025 ikashinda Oscar ya filamu bora ya uhuishaji. Afrika Mashariki nayo haiko nyuma kwenye fani hii. Katuni za Tinga Tinga Tales, zilizofuata mtindo wa uchoraji alioanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam, zilitengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Ubongo Kids ya Tanzania, inayofundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili, ilianza kurushwa mwaka 2014.

Kuipeleka kazi kwenye tovuti

Kazi ikikamilika hutolewa kama faili, na aina ya faili huchaguliwa kwa kumfikiria atakayeifungua. Hadithi yenye sauti hutolewa kama video. Kialama kidogo kinachozunguka hufaa kuwa SVG, aina ya picha ya vekta ambayo kila kivinjari cha sasa huisoma. GIF ya sekunde chache yaweza kuwa nzito kuliko video ya urefu huohuo, na uzito huo hulipiwa na bando la msomaji.

Miendo mingine haihitaji faili kabisa. Kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti, mistari michache hukiambia kivinjari kitufe kianzie wapi, kiishie wapi, kwa sekunde ngapi na kwa mpindo gani wa kasi. Hizo ni fremu kuu zilezile, zimeandikwa badala ya kuchorwa. Kwa skrini ya mara 60 kwa sekunde, kivinjari kina takriban milisekunde 17 kuandaa kila fremu. Kikizidishiwa kazi, mwendo hukwama. Ndiyo maana mafundi hupendelea kuhamisha, kuzungusha au kufifisha kitu, mambo ambayo kivinjari huyafanya kwa wepesi, kuliko kubadilisha upana na urefu wake kila mara.

Upo pia upande wa afya. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inataka kitu kisimweke zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa kuwa mimweko huweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Mwendo unaojianzisha wenyewe na kuzidi sekunde tano uwe na namna ya kusimamishwa. Simu na kompyuta za sasa zina mpangilio wa kupunguza mwendo kwa wanaopata kizunguzungu, na tovuti iliyoandikwa vizuri huuheshimu.

Mpangilio wa mazoezi

Baada ya mpira na mkono, mafundi hufuatisha gunia la unga lililojaa nusu, linaloruka na kutua. Halina uso wala miguu, hivyo hisia zote hutoka kwenye mwendo. Kisha huja mtu anayetembea, ambaye kwa kawaida hatua yake moja huchukua fremu 12 na mzunguko mzima 24. Anayemaliza mazoezi haya manne, hata kwa penseli kwenye pembe za daftari linalopekuliwa haraka, ataingia katika programu yoyote akijua anachokitafuta. Na aanze na sekunde tano zilizokamilika. Zina mafunzo zaidi kuliko filamu ya dakika kumi iliyoishia njiani.